Kwa Nini Mzee Hukumbuka ya Zamani na Kusahau ya Jana?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Kila mmoja wetu aliye na bibi au babu nyumbani amepata kusikia neno hili: "Huyu mzee akili zake ni timamu kabisa, anakumbuka mambo ya zamani kuliko sisi." Mimi pia nimepata kulisema neno hilo. Nililisema mbele ya wakubwa, tena kwa uhakika, na kwa ajili yake mtoto asiye na kosa alichapwa viboko. Kwa hiyo nimeona yafaa niandike makala haya katika gazeti letu la muhula huu, ili wenzangu mjue mapema jambo ambalo mimi nililijua nikiwa nimekwisha chelewa. Kwanza nitaeleza yaliyotokea nyumbani kwetu. Kisha nitaeleza elimu yasemaje juu ya kumbukumbu, uzee na ugonjwa wa kusahau. Na mwisho nitataja mambo yatupasayo kutenda sisi vijana.

YALIYOTOKEA NYUMBANI

Kwetu ni Kilimanjaro, katikati ya migomba na mibuni. Bibi yangu mzaa baba alizaliwa mwaka 1943. Niendapo likizo hulala nyumbani kwake, na kila jioni tukiisha kula, hukaa karibu na mafiga akanisimulia habari za kale. Hadithi aipendayo kupita zote ni ya usiku wa Uhuru, Desemba 1961, wakati Luteni Alexander Nyirenda alipofikisha Mwenge na bendera ya Tanganyika katika kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Wakati huo Bibi alikuwa msichana wa miaka 18. Hukumbuka ngoma zilizochezwa kijijini, baridi ya usiku ule, rangi ya khanga aliyoivaa, na majina ya wasichana aliokwenda nao. Ukimsikiliza utadhani mambo hayo yametokea juma lililopita.

Mwaka jana, nilipokuwa Kidato cha Tatu, nilikwenda likizo ya mwezi wa Juni. Bibi alikuwa ameuza ndizi na kupata shilingi 60,000, akaziweka katika kopo la majani ya chai. Siku ya tatu fedha hazikuonekana. Bibi akasema zimeibwa, na mwizi ni mtoto wa shangazi yangu, mvulana wa miaka 13 aliyekaa naye na kumsaidia kazi. Mtoto akakana, akalia. Baba mkubwa alituita sote, akauliza, "Haiwezekani kwamba Mama amesahau mahali alipoziweka?" Nami nikajibu upesi, "Baba, Bibi hasahau. Jana usiku amenisimulia habari za mwaka 1961, hata rangi ya khanga yake ameitaja." Wote wakakubali. Mtoto akachapwa, na kesho yake akarudishwa kwa mama yake akiwa na jina la mwizi.

Fedha zilionekana baada ya majuma matatu. Zilikuwa zimefungwa katika kitambaa cha kichwa cha Bibi, ndani ya gunia la mbegu za maharage. Wakati huo nilikuwa nimekwisha rudi shuleni; Baba ndiye aliyenieleza alipokuja siku ya wazazi. Likizo ya Desemba nilimwendea ndugu yangu nikamwomba radhi. Hakunigombeza. Alisema hivi tu: "Kaka, Bibi alikuwa akinituma chumvi mara tatu kwa siku moja. Nilinunua nikaweka. Hamkuniuliza." Ndipo nilipokumbuka kwamba katika rafu ya jikoni palikuwa na pakiti nyingi za chumvi. Mimi mwenyewe niliziona, nisifikiri neno.

Basi swali lililonisumbua ni hili: Inawezekanaje mtu akumbuke khanga ya mwaka 1961, naye asikumbuke chumvi ya asubuhi? Nilianza kusoma na kuwauliza walimu, na haya ndiyo niliyoyapata.

KUMBUKUMBU SI SANDUKU MOJA

Watu wengi hudhani kumbukumbu ni kama sanduku moja: likiwa zima, vyote vilivyomo ni salama, na likitoboka, vyote vitavuja. Sivyo ilivyo. Ubongo una namna kadha wa kadha za kukumbuka.

Iko kumbukumbu ya muda mfupi, ile inayotuwezesha kushika namba ya simu mpaka tumalize kuibonyeza. Iko kumbukumbu ya matukio, yaani mambo yaliyotupata mahali fulani na siku fulani, kama siku ya kwanza tulipofika bweni tukiwa na sanduku na godoro. Iko kumbukumbu ya maarifa, kama vile kujua kwamba Dodoma ni mji mkuu, bila kukumbuka ni nani aliyetufundisha. Tena iko kumbukumbu ya mikono, kama kuendesha baiskeli, kusuka mkeka au kumenya ndizi. Ugonjwa waweza kuidhuru namna moja na kuziacha nyingine karibu nzima.

Jambo la pili la kujua ni jinsi tunavyosahau. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 alitoa kitabu juu ya kazi hiyo. Aliona kwamba baada ya saa moja alikuwa amepoteza zaidi ya nusu ya alichojifunza. Baada ya siku moja alikuwa amepoteza zaidi kidogo. Walakini tangu hapo upotevu ulikwenda polepole, hata baada ya siku 31 bado ilibaki kama sehemu moja ya tano. Maana yake ni kwamba jambo jipya ndilo lililo katika hatari kubwa, na jambo lililokwisha kupita hatari hiyo hudumu muda mrefu. (Wenzangu wa Kidato cha Nne tunaosubiri mtihani na tulitie moyoni hili: kinachorudiwa ndicho kinachobaki.)

KARANI NA GHALA

Ndani ya ubongo, upande wa kulia na upande wa kushoto, karibu na usawa wa masikio, iko sehemu ndogo iitwayo hipokampasi. Jina lenyewe limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni farasi wa baharini, kwa sababu umbo lake lafanana na samaki yule mdogo. Kazi yake twaweza kuifananisha na ya karani wa ghala. Jambo jipya likija, karani huliandika na kuliweka mahali pake. Ghala lenyewe, kwa sehemu kubwa, ni tabaka la nje la ubongo, lile lenye mikunjo mingi.

Watu walilijua vizuri jambo hili kwa mkasa wa Mmarekani mmoja, Henry Molaison. Alikuwa na kifafa kikali mno, na mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 27, daktari William Scoville alimpasua na kuondoa sehemu kubwa ya hipokampasi zake, kulia na kushoto. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku ile Molaison hakuweza tena kushika tukio lolote jipya. Alizungumza vizuri, na akili yake ya kufikiri haikupungua; lakini mtu akitoka chumbani na kurudi baada ya muda mfupi, alimwamkia kama mgeni. Hata hivyo aliwajua wazazi wake na alikumbuka habari za utoto wake. Bibi Brenda Milner wa Kanada alimchunguza kwa miaka mingi, na mwaka 1957 yeye na Scoville waliandika habari zake. Milner alimfundisha kuchora nyota huku akitazama mkono wake katika kioo. Kila siku mkono ulizidi kuwa hodari, na kila siku Molaison alisema hajapata kuifanya kazi hiyo. Alifariki mwaka 2008.

Basi hapo twaona jambo kubwa. Karani akiondoka, mizigo mipya haiingii ghalani. Lakini iliyokwisha kupangwa zamani haiondoki siku ile ile pamoja naye.

SHERIA YA RIBOT

Kabla ya Molaison, Mfaransa mmoja, Théodule Ribot, alikuwa amekwisha kuliona jambo hili kwa kuwatazama wagonjwa tu. Mwaka 1881 aliandika kitabu juu ya magonjwa ya kumbukumbu, akasema kwamba kumbukumbu inapoharibika hufuata utaratibu. Mambo mapya hupotea kwanza, ya zamani hufuata, na mazoea ya mwili ndiyo hukaa mpaka mwisho. Mpaka leo wataalamu huuita utaratibu huo Sheria ya Ribot.

Sababu zake ni zaidi ya moja. Kwanza, kumbukumbu ya zamani imekwisha jengeka katika ghala kwa muda mrefu, wala haimtegemei sana karani. Pili, imesimuliwa mara nyingi. Bibi yangu amesimulia usiku wa Uhuru labda mara mia kadhaa, na njia ipitwayo kila siku haioti majani. Tatu, mambo makubwa ya maisha huja na furaha, hofu au huzuni, na moyo ukiguswa ubongo hushika zaidi. Chumvi ya asubuhi haina hata moja katika hayo matatu.

UZEE PEKE YAKE SI UGONJWA

Hapa nataka msomaji awe mwangalifu, maana wako wanaodhani kila mzee lazima apotewe na akili. Sivyo. Mzee mwenye afya huenda akasahau jina la mtu kisha akalikumbuka baadaye. Hujifunza jambo jipya polepole. Hutafuta miwani iliyo kichwani. Hayo ni ya kawaida, na hata sisi vijana yanatupata.

Katika habari za zamani, wazee wenye afya wana mambo mawili ya kutazamwa. La kwanza ni kwamba hawazikumbuki nyakati zote kwa usawa. Mwaka 1986 David Rubin na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba mtu aliyevuka umri wa makamo akiombwa kutaja mambo ya maisha yake, hutaja mengi mno ya wakati alipokuwa kati ya miaka 10 na 30 hivi. Ni kama kilima kinachoinuka katika tambarare. Ndicho kipindi cha kumaliza masomo, kuanza kazi, kuchumbiana na kuoana, na mengi hutokea kwa mara ya kwanza. Kumbukeni kwamba Bibi alikuwa na miaka 18 usiku wa Uhuru. Yaani habari yake imesimama juu ya kilima hicho. Nasi tulio bwenini leo ndiyo kwanza tunakipanda. Huenda miaka sitini ijayo tukawasimulia wajukuu habari za kengele ya alfajiri na uji wa shule.

La pili ni kwamba mzee mwenye afya hupoteza vipande vidogo vidogo vya tukio, lakini maana yake huishika. Mwaka 2002 Brian Levine na wenzake wa Toronto, Kanada, waliwaomba vijana na wazee wasimulie matukio ya maisha yao. Wazee walitaja mambo machache ya tukio lenyewe, kama mahali, saa na yaliyoonekana, na wakatia zaidi maarifa ya jumla. Basi uzee hupunguza ncha za picha, walakini picha haifuti.

Wala si vibaya mzee kukaa akifikiri ya kale. Daktari Mmarekani Robert Butler aliandika mwaka 1963 kwamba kuyapitia maisha yaliyopita ni jambo la kawaida katika uzee, tena lina faida, kwa kuwa mtu hupata nafasi ya kupatana na yaliyompata.

UGONJWA WA KUSAHAU

Ugonjwa ni jambo jingine. Jina la jumla ni demensia, na maana yake ni kuharibika kwa kumbukumbu, lugha na fikira hata mtu ashindwe kazi zake za kila siku. Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba mwaka 2021 watu kama milioni 57 walikuwa nayo duniani, na zaidi ya 60 katika kila 100 wako katika nchi zisizo tajiri. Yako magonjwa mengi yaletayo demensia. Kubwa kuliko yote ni ugonjwa wa Alzheimer. Mengine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka.

Jina la Alzheimer ni la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt, alimpokea mwanamke wa miaka 51 aitwaye Auguste. Alipomwuliza jina lake, alijibu "Auguste", alipomwuliza jina la mumewe, alijibu tena "Auguste." Mwanamke huyo alifariki mwaka 1906. Alzheimer aliuchunguza ubongo wake, akaona umesinyaa na una mabaka kati ya chembe, na ndani ya chembe zenyewe nyuzi zilizosokotana. Mwaka huo huo aliwaeleza madaktari wenzake, na mwaka 1910 mwalimu Emil Kraepelin aliuita ugonjwa huo kwa jina lake.

Mwaka 1991 wataalamu wawili wa Ujerumani, Heiko na Eva Braak, walionyesha kwamba nyuzi zile kwa kawaida huanza pembeni mwa hipokampasi, kisha huenea polepole mpaka tabaka la nje. Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu. Ugonjwa huanza kwa karani kabla ya kufika ghalani. Fedha alizoziweka Bibi katika gunia hazikuandikwa kabisa. Kwa hiyo alipozitafuta hakuwa na habari yoyote kichwani ila ya kopo la chai, na palipo na pengo akili hutafuta sababu. Kama fedha hazipo kopo, basi ziko kwa mwizi. Bibi hakusema uongo. Alisema alichokiamini.

Lakini msidhani ya zamani ni salama milele. Hilo ndilo kosa la pili tulilokuwa nalo. Wataalamu wakiwapima kwa makini wagonjwa wa Alzheimer huona kwamba hata habari zao za zamani zimepungua, ila si kwa kiasi cha habari mpya. Ugonjwa unapoenea, rafu za ghala huanza kuanguka moja baada ya nyingine, na zile za miaka ya karibuni hutangulia. Ndiyo maana wako wazee wanaowajua ndugu zao na kuwasahau wajukuu. Wako wanaomwulizia mama yao aliyefariki zamani. Na wako wanaosema "Nataka kwenda nyumbani" nao wako nyumbani. Nyumba wanayoikumbuka ni ile ya utoto. Aliyejifunza lugha ya pili ukubwani, mara nyingine huirudia lugha ya mama. Siku hizi Bibi huwasemesha wadogo zangu kwa Kichagga, nao waliokulia mjini hawamwelewi.

Iko pia namna nyingine ya demensia, isiyo ya kawaida sana, ambayo huanzia katika sehemu ya ubongo iliyo ghala la maana za maneno na vitu. Wagonjwa hao huweza kukumbuka ya karibuni vizuri kuliko ya zamani. Kwa hiyo Sheria ya Ribot si kwa kila mgonjwa. Hutegemea ugonjwa umeanzia wapi.

JE, YA ZAMANI ANAYOYAKUMBUKA NI KWELI YOTE?

Hili nalo yafaa tulijue, hasa sisi tunaopewa kazi ya Historia ya kuwahoji wazee. Mwingereza Frederic Bartlett wa Cambridge alitoa kitabu mwaka 1932. Aliwapa watu hadithi ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, akawaambia waisimulie tena na tena baada ya muda. Kila waliposimulia, hadithi iligeuka kidogo. Mitumbwi ikawa mashua za kawaida, uwindaji wa sili ukawa uvuvi wa samaki. Hawakukusudia kudanganya. Kukumbuka si kufungua kitabu na kusoma yaliyoandikwa. Ni kujenga upya kwa matofali yaliyopo.

Nililiona hili kwa Bibi. Mara nyingi hunieleza kwamba usiku wa Uhuru alikuwa na dada yake mkubwa. Lakini likizo iliyopita alisema alikuwa na Babu, na Babu ndiye aliyemshikia taa njiani. Nami najua kwamba Babu alikuwa kazini Tanga wakati huo, nao walijuana mwaka 1964. Mwanzoni nilitaka kumsahihisha. Kisha nilifikiri: wote wawili aliwapenda, na wote wawili wamekwisha fariki. Matofali mawili yamekaa pamoja. Nikanyamaza, lakini katika daftari langu nikaandika maelezo yote mawili pamoja na tarehe aliyoyasema.

JINSI YA KUMPIMA MZEE KWA HAKI

Ugonjwa huu hauko Ulaya na Marekani tu. Katika Wilaya ya Hai, huku kwetu Kilimanjaro, wataalamu wa Tanzania na Uingereza walichunguza wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kwamba kama 6 katika kila 100 walikuwa na demensia. Shida yao ilikuwa kwamba vipimo vya Ulaya vilitaka mtu asome, aandike na achore kwa kalamu, nao wazee wengi hawakupata shule. Asiyeshika kalamu maishani si mgonjwa kwa sababu ameshindwa kuchora. Basi walitengeneza kipimo kingine. Mzee huambiwa maneno kumi, na baadaye huulizwa anakumbuka mangapi. Huulizwa siku ya juma. Huombwa ataje wanyama wengi awezavyo katika dakika moja. Huulizwa daraja ni kitu gani. Tena hupewa njiti nne za kiberiti azipange kama alivyoonyeshwa.

Angalieni kwamba katika maswali hayo hakuna hata moja la kumwomba mzee asimulie hadithi aipendayo. Baba alipompeleka Bibi hospitali mwezi wa Januari, Bibi alimsimulia daktari usiku wa Uhuru vizuri kabisa. Lakini katika maneno kumi alikumbuka moja tu, na alipoulizwa leo ni siku gani alijibu, "Siku ya soko, mwanangu," akacheka. Haikuwa siku ya soko.

YATUPASAYO KUTENDA

Kwanza, tusimpime mzee kwa habari za kale. Tutazame ya juma hili: Je, amerudia swali lile lile mara nyingi? Amepotea njia aijuayo? Ameacha chungu kikaungua mara kwa mara? Anawashuku watu kwa wizi? Na tumwulize yule anayekaa naye kila siku, hata akiwa mtoto au mtumishi. Yeye ndiye anayeona.

Pili, tumpeleke hospitali mapema. Yako magonjwa yanayofanana na demensia nayo hutibika, kama upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, maambukizo, huzuni nzito, au madhara ya dawa. Alzheimer yenyewe haijapata dawa ya kuiponya, lakini mgonjwa na walio naye waweza kusaidiwa. Wala tusiuite uchawi, maana wako wazee walioteswa kwa kusingiziwa uchawi, nao walikuwa wagonjwa.

Tatu, tusibishane naye. Akimwulizia mama yake, haifai kumwambia kila siku, "Mama yako amekufa," kwa kuwa kwake ni msiba mpya kila mara. Ni heri kumwuliza, "Mama yako alikuwa akipika nini?" Hapo atasimulia, na moyo wake utatulia.

Nne, tujilinde na sisi. Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoitwa na jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayozidisha hatari ya demensia, likasema kwamba kama yangeondolewa yote, karibu 45 katika kila wagonjwa 100 wangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwake ni elimu haba utotoni, shinikizo la damu, kisukari, tumbaku, ulevi, kuumia kichwa, uziwi usiosaidiwa, na upweke. Kwa hiyo kusoma kwetu leo ni akiba ya uzee.

Tano, tuandike. Wazee wetu waliouona mwaka 1961 wakiwa vijana sasa wamevuka miaka 80. Wahenga walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Mwende likizo na daftari. Andikeni siku, jina la msimulizi na maneno yake kama alivyoyasema, hata yakipingana.

Mimi sasa nina daftari la kurasa 96, na kurasa 41 zimejaa. Nusu ya kazi hiyo ameifanya ndugu yangu, yule aliyesingiziwa wizi. Alirudi kukaa na Bibi mwezi wa Februari kwa hiari yake, baada ya Baba mkubwa kumwomba radhi mbele ya watu wote wa nyumbani. Bibi hakumbuki kwamba alimshuku. Siku hizi humwita kwa jina la kaka yake mwenyewe, aliyefariki alipokuwa kijana, naye huitika.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja namna nne za kumbukumbu, na utoe mfano wa kila moja.
2. Eleza Sheria ya Ribot, na utaje sababu tatu zake.
3. Henry Molaison alijifunza kuchora nyota, naye hakukumbuka kwamba amejifunza. Hilo latufundisha nini?
4. Kwa nini mtu anayesimulia vizuri habari za miaka sitini iliyopita aweza kuwa mgonjwa wa kusahau?
5. Likizo ijayo, mwulize mzee mmoja habari ya wakati alipokuwa na umri wako. Iandike, umsomee, nawe uangalie anavyoongeza.